Haki ya Kushindwa

Mwezi wa Februari mwaka 2019, siku chache baada ya Frank Robinson kufariki dunia, nilikuwa nimekaa barazani kwangu na rafiki yangu mmoja ambaye, kama mimi, alipata kusoma Marekani katika miaka ya 1980. Nilimpa habari ya msiba ule jinsi mtu anavyompa mwenzake habari ya jamaa wa mbali. Akainamisha kichwa kidogo, akanywa kahawa yake, kisha akatamka maneno ambayo hayajanitoka moyoni mpaka leo: "Mchezaji alikuwa mchezaji kwelikweli, ndugu yangu. Lakini umeneja haukumfaa. Nimesoma gazetini: kashinda michezo 1,065, kashindwa 1,176. Hesabu haina upendeleo."

Sikumjibu. Mgeni aliyekuja kunywa kahawa hafai kuandaliwa ugomvi. Nikamwongezea kikombe, tukahamia kwenye habari za mvua. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo kila nikumbukapo kauli ile natamani rafiki yangu angekuwa bado amekaa pale nimjibu. Basi jibu lenyewe ni hili. Nasema hesabu ina upendeleo, na upendeleo wake umejificha katika kile mtu alichokabidhiwa kabla hajaanza kuhesabiwa.

Kwanza nimwombe radhi msomaji asiyeujua mchezo wa besiboli, nimweleze kwa ufupi. Huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mtupaji hutupa mpira, mpigaji huupiga kwa rungu, kisha hukimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia; kila anayerudi salama ni pointi moja. Mpira ukivuka uzio wa uwanja, mpigaji huzunguka bila kuguswa na mtu, na mpigo huo huitwa homurani. Anayeamua nani acheze, nani atupe, nani atolewe, wao humwita meneja. Huyu havai suti kama makocha wa kandanda. Huvaa jezi ileile ya wachezaji wake na kukaa benchi lilelile. Msimu mmoja una michezo 162, karibu kila siku, kwa hiyo hata timu bingwa hushindwa mara 60 hivi. Naomba jambo hili la mwisho likumbukwe. Katika mchezo huu kushindwa ni sehemu ya kazi, kama jasho lilivyo sehemu ya kulima.

Mimi niliujua mchezo huu Baltimore. Nilifika huko mwaka 1987, nikapanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja Mmarekani mweusi, mstaafu wa kiwanda cha chuma. Jioni alikuwa akikaa kwenye ngazi za mawe meupe mbele ya nyumba yake, redio ubavuni, akasikiliza timu ya mji, Orioles. Nami nilikaa ngazi ya chini yake, kwa heshima ya umri, na kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Huyo ndiye aliyenisimulia Frank Robinson, tena alinisimulia kama babu anavyosimulia vita alivyopigana.

Robinson alizaliwa Beaumont, Texas, mwaka 1935, akakulia Oakland, California. Alianza kucheza ligi kuu na Cincinnati mwaka 1956, akapiga homurani 38 katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka 1961 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwishoni mwa mwaka 1965 Cincinnati wakamwuza, na mkuu wa klabu akaeleza kwamba miaka 30 ya Robinson ilikuwa imekwisha kuzeeka. Baltimore wakamchukua mzee huyo. Mwaka uliofuata, 1966, mzee akaongoza ligi nzima kwa wastani wa kupiga, kwa homurani 49, na kwa pointi 122 alizowaletea wenzake. Akachaguliwa tena mchezaji bora, safari hii katika ligi ya pili, jambo ambalo hapakuwa na mtu aliyewahi kulifanya. Kisha timu yake ikatwaa ubingwa kwa michezo minne mfululizo. Mwezi Mei mwaka huohuo aliupiga mpira ukatoka nje kabisa ya uwanja, ukapita juu ya viti vyote. Pale ulipopitia pakasimikwa bendera yenye neno moja tu: "Hapa". Niliiona bendera hiyo kwa macho yangu zaidi ya miaka 20 baadaye, bado inapepea. Mzee wangu alinishika mkono kunionyesha.

Sasa tuje kwenye umeneja, maana ndiko ugomvi wangu uliko.

Jackie Robinson, ambaye si ndugu yake bali wamefanana jina tu, ndiye aliyeuvunja ukuta wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947. Baada ya hapo weusi walicheza, wakapiga, wakakimbia, wakawatajirisha wenye klabu. Lakini kuamuru hawakuruhusiwa. Tarehe 15 Oktoba 1972 Jackie alisimama uwanjani Cincinnati, akiheshimiwa kwa kutimiza miaka 25 tangu siku ile, akawaambia wakubwa mbele ya televisheni kwamba anashukuru, lakini angefurahi zaidi siku atakapotazama na kumwona mtu mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye alifariki. Hakuiona siku hiyo.

Je, ilikuwa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekwisha jiandaa? La hasha. Frank Robinson alikuwa akijiandaa waziwazi. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka 1968, wachezaji wenzake walipokwenda kupumzika, yeye alikwenda Santurce, Puerto Rico, kuongoza timu. Akarudi huko baridi baada ya baridi. Alikuwa nyota wa kwanza katika nchi yake, hakuwa na shida ya fedha wala ya jina, lakini alikubali kwenda kuwa mwanafunzi wa ukubwa ili pasitokee mtu wa kumwambia kwamba hakusomea. Wakubwa walichukua miaka sita kusoma cheti chake.

Mwezi Oktoba 1974 klabu ya Cleveland ikamtangaza. Rais Gerald Ford alituma telegramu ya pongezi. Tarehe 8 Aprili 1975 watu zaidi ya 56,000 walifika uwanjani. Rachel, mjane wa Jackie, alitupa mpira wa heshima. Frank alikuwa bado mchezaji pia, akajiandika mwenyewe katika orodha ya wapigaji siku hiyo. Mara ya kwanza kushika rungu, akaupeleka mpira nje ya uzio. Cleveland 5, New York 3. Mzee wangu aliniambia kwamba alipoisikia habari hiyo kiwandani aliomba ruhusa kwenda chooni, akalia huko, kwa sababu hakutaka wenzake wamwone.

Hadithi za pongezi huishia hapo. Sanamu ikachongwa, kitabu kikafungwa. Lakini mtu hupewa kazi ili aifanye kesho yake, na keshokutwa, na mtondo. Tutazame alipewa nini.

Cleveland haikuwa imetwaa hata ubingwa wa ligi yake tangu mwaka 1954. Tangu mwaka 1968 haikuwa imemaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko kushindwa. Mwaka kabla ya Robinson ilishinda michezo 77. Mwaka wake wa kwanza ikashinda 79, wa pili 81 na kushindwa 78, ikavuka nusu kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Ili kuwapa vijana nafasi, yeye mwenyewe alikaa benchi. Alimaliza uchezaji akiwa na homurani 586, akipungukiwa na 14 tu kufika 600, na mipigo salama 2,943, pungufu ya 57 kufika 3,000. Kalamu ya kuandika orodha ya wachezaji ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kujiandika kila siku mpaka atimize. Hakujiandika. Halafu mwezi Juni 1977, timu ikiwa imeshinda 26 na kushindwa 31, akafukuzwa. Aliyechukua nafasi yake alishinda 45 na kushindwa 59 katika michezo iliyobaki, na mwaka uliofuata alishinda 69 na kushindwa 90. Huyo hawakumfukuza mwaka huo.

Hapa namwomba rafiki yangu wa kahawa anisikilize vizuri, maana anapenda hesabu, nami nitampa hesabu.

Wiki chache kabla ya Robinson kufukuzwa, klabu ya Mets ya New York ilimpa umeneja mchezaji wake mmoja, Joe Torre, mtu mweupe. Torre hakuwa amewahi kuongoza timu. Aliongoza Mets kwa miaka mitano, akashinda michezo 286 na kushindwa 420. Akafukuzwa, akapewa Atlanta papo hapo. Akafukuzwa tena, baadaye akapewa St. Louis. Kufika mwaka 1995 alikuwa ameshinda 894 na kushindwa 1,003. Yaani, katika kila michezo 100 alikuwa akishinda 47. Kisha Yankees, klabu tajiri kuliko zote, wakamchukua. Mwaka 1996 akawa bingwa. Akawa bingwa tena 1998, 1999 na 2000. Leo yumo katika jumba la mashujaa wa besiboli, akihesabiwa miongoni mwa mameneja wakubwa.

Na Robinson je? Chukua hesabu yako ileile ya 1,065 kwa 1,176, uigawe. Katika kila michezo 100 alishinda 47 na nusu. Wastani wake wa maisha yote unamzidi kidogo Torre wa kabla ya kupewa Yankees. Zaidi ya hayo, mwaka 1982 Robinson, akiwa San Francisco, alishinda michezo 87. Torre, akiwa Atlanta, alishinda 89 na kuchukua kundi lao. Waliachana kwa michezo miwili. Kwa hiyo anayesema umeneja haukumfaa Robinson aseme pia kwamba mwaka 1995 umeneja haukumfaa Torre. Akikataa kusema hivyo, basi anieleze tofauti.

Simwonei Torre. Tena ningependa sana watu wote watendewe kama yeye alivyotendewa. Casey Stengel kabla yake aliongoza Brooklyn na Boston kwa misimu tisa, na katika tisa hiyo ni mmoja tu aliomaliza juu ya nusu. Kisha akapewa Yankees mwaka 1949, akatwaa ubingwa mara tano mfululizo. Hawa walipewa kitu cha thamani kuliko cheo: walipewa ruhusa ya kushindwa, wakajifunza kwa kushindwa, wakashindwa tena, mpaka siku walipokabidhiwa wachezaji wanaofaa. Hakuna aliyesema kwamba kushindwa kwa Stengel ni kushindwa kwa rangi yake.

Mtu mweusi wa pili kuongoza timu ya ligi kuu alikuwa Larry Doby, mwaka 1978. Alipewa Chicago katikati ya msimu, michezo 87, basi. Wa tatu, Maury Wills, alipewa Seattle mwaka 1980, michezo 82, basi. Wote wawili hawakupewa tena hadi kufa kwao. Robinson alipofukuzwa San Francisco mwaka 1984, hakubaki hata mmoja. Ilipofika Aprili 1987, katika kipindi cha televisheni cha kuadhimisha miaka 40 ya Jackie Robinson, Al Campanis, mkubwa wa klabu ileile iliyomwingiza Jackie, aliulizwa kwa nini. Akajibu kwamba huenda weusi hawana baadhi ya vitu vinavyohitajika kwa umeneja. Siku mbili baadaye alijiuzulu, na nchi nzima ikamshangaa. Mzee wangu hakumshangaa. Aliniambia, "Kijana, yule amefukuzwa kwa kusema. Wenzake wamebaki kwa kunyamaza."

Mwaka uliofuata nilishuhudia mwenyewe. Msimu wa 1988 Orioles walianza kwa kushindwa michezo sita, meneja akafukuzwa, Robinson akaitwa. Timu ilikuwa imeoza. Ikashindwa mingine 15 chini yake, jumla 21 mfululizo tangu siku ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea katika ligi kuu. Kila jioni tulikaa kwenye zile ngazi na kusikiliza kama watu wanaosikiliza habari za mgonjwa. Siku ya kushinda, tarehe 29 Aprili huko Chicago, 9 kwa 0, mzee alizima redio kabla ya matangazo kwisha, akasema yanatosha.

Katika siku zile za Aprili nilimkumbuka mjomba wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa meneja wa shamba moja la mkonge huko Tanga. Nilikuwa mdogo, nakumbuka sherehe, mbuzi, na shati lake jeupe. Sikujua wakati ule kwamba bei ya katani ilikuwa imekwisha anguka duniani kwa sababu ya kamba za plastiki, kwamba mashine ya kuchakata, tuliyoiita korona, ilikuwa imechakaa hadi kufungwa kwa waya, na kwamba mtangulizi wake aliondoka na magari mawili yaliyokuwa yakitembea. Miaka minne baadaye shamba lilikuwa pori. Wakubwa wakaandika katika faili kwamba mjomba hana uwezo wa uongozi. Kilichomuumiza zaidi ni watu wa kwetu. Mpaka anazeeka, harusini na misibani, walikuwa wakinong'ona: "Huyu ndiye aliyeua shamba." Nami, Mungu anisamehe, nilipokuwa kijana niliwahi kunong'ona nao.

Ndiyo maana kauli ya barazani ilininyima usingizi. Niliwahi kuisema mwenyewe.

Mwaka 1989 Robinson alijibu kuliko ninavyoweza kujibu mimi. Timu ileile iliyoshinda michezo 54 mwaka uliotangulia ikashinda 87, na ikapigania kundi lake hadi siku za mwisho kule Toronto. Waliokuwa wakishindana nao waliongozwa na Cito Gaston, mweusi mwingine, ambaye baadaye, mwaka 1992 na 1993, akawa meneja mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa juu kabisa. Toronto wakapita kwa michezo miwili. Robinson alichaguliwa meneja bora wa mwaka katika ligi yake. Mwezi Mei 1991 akaondolewa, akapewa kiti cha ofisini.

Najua utakaloniuliza, msomaji: kama alipewa klabu nne kwa nyakati mbalimbali, malalamiko ni ya nini? Ni swali la haki. Nami nakuuliza, alipewa klabu gani, na lini? Ya mwisho ilikuwa Montreal, mwaka 2002. Klabu hiyo haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa mali ya ligi, yaani ya klabu nyingine 29, ambazo ndizo wapinzani wake uwanjani, na ambazo zilikuwa zimekwisha piga kura kwamba klabu mbili zifutwe. Akaipeleka hadi ushindi 83, na mwaka 2003 tena 83, ijapokuwa mwaka huo ilipelekwa kucheza michezo 22 ya nyumbani San Juan, Puerto Rico, mbali na nyumbani kabisa. Mwishoni mwa Agosti ilikuwa bado inawania nafasi ya kusonga mbele, na ulipofika Septemba, ambapo kila timu huongeza wachezaji, hiyo yake ikanyimwa fedha za kuwaongeza. Sehemu kubwa ya zile 1,176 imetoka katika nyumba za namna hii. Kila alipoitwa, aliitwa nyumba ikiwa imeshika moto, halafu akalaumiwa kwa moshi.

Sitamfanya malaika. Alikuwa mkali, hasa alipoanza. Alikorofishana na mtupaji wake mashuhuri, Gaylord Perry, aliyeuzwa Juni 1975. Alikosa subira kwa mchezaji asiyeweza kufanya yale ambayo yeye aliyafanya kwa wepesi. Hiyo ndiyo kasoro ambayo waliojaliwa huwa nayo, na wasemao kwamba mchezaji hodari si lazima awe mwalimu hodari wana ukweli wao. Lakini kasoro hiyo hupona kwa miaka ya kazi. Tarehe 25 Mei 2006, timu yake ikiwa imehamia Washington, alilazimika kumtoa mdakaji wake katikati ya kipindi, jambo la fedheha kwa mchezaji, kwa sababu wapinzani walikuwa wamemwibia vituo saba. Washington walishinda siku hiyo, 8 kwa 5. Baada ya mchezo Robinson, mzee wa miaka 70, alibubujikwa na machozi mbele ya waandishi kwa kumwonea huruma kijana yule. Huyo ndiye mtu aliyeitwa asiyejua kuishi na wachezaji. Msimu ulipokwisha hawakumtaka tena.

Kuna jambo moja zaidi. Shuleni Oakland, Frank Robinson alicheza mpira wa kikapu katika timu moja na Bill Russell. Watoto wawili weusi, shule moja, kiwanja kimoja. Mwaka 1966 Russell alifanywa kocha wa Boston Celtics, akawa mweusi wa kwanza kuongoza timu katika ligi kuu ya kikapu Marekani. Alikabidhiwa timu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara nane mfululizo. Akautwaa mwaka 1968 na 1969, na hakuna baraza duniani panaposemwa kwamba ukocha haukumfaa. Je, shule ile ilimfundisha mmoja kuongoza ikamnyima mwenzake? Au mmoja alikabidhiwa nyumba yenye paa?

Mambo yamebadilika, nami sikatai. Dusty Baker alipita ushindi 2,000 na kuwa bingwa mwaka 2022, akiwa na miaka 73, katika klabu yake ya tano. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2017, alishinda michezo 97 kule Washington na hakupewa mkataba mwingine. Dave Roberts ametwaa ubingwa mwaka 2020, 2024 na 2025, akiwa na klabu tajiri nyuma yake, kama inavyopaswa. Hata hivyo msimu wa 2024 ulipoanza, kati ya mameneja 30 weusi walikuwa wawili tu. Robinson mwenyewe ana sanamu Cincinnati, ana sanamu Baltimore, ana sanamu Cleveland. Sanamu haidai kupewa wachezaji wazuri.

Watu husema usawa utakuja siku mtu wa kwanza atakapoingia mlangoni. Mimi nasema wa kwanza ni mgeni bado. Ameingia kwa telegramu ya rais na kwa machozi ya mzee chooni. Usawa utakuja siku mweusi wa kumi atakaposhindwa michezo 420 katika miaka mitano, afukuzwe bila kelele, na mwaka ule ule apewe timu nyingine kwa sababu watu wanaona ana kitu kichwani. Usawa ni pale mtu wa kawaida anaporuhusiwa kuwa wa kawaida. Mpaka siku hiyo tunawapima wengine kwa pishi na wengine kwa kibaba, kisha tunashangaa kwamba nafaka hazilingani.

Mjomba wangu amekwisha tangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumwomba radhi. Kwa rafiki yangu nina ombi dogo. Ukija tena kunywa kahawa, na ukataka kunipa hesabu ya mtu, karibu sana. Lakini anza na ukurasa wa kwanza: siku alipokabidhiwa funguo, ndani mlikuwa na nini?